Bibi Nsia na Ada ya Pango la Barafu

“Baba, bibi amekufa au amelala?”

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na nyumba, mashamba na vikao kama sisi, pimbi mdogo aitwaye Ndeshi aliuliza swali hilo mlangoni kwao. Baba yake alikuwa akimfunga Bibi Nsia kwenye mkeka, ampeleke mlimani. Alisikia vizuri sana. Akakaza kamba, akajitwika mzigo wake, akaenda zake.

Pimbi, wadogo zangu, ni mnyama wa jua. Asubuhi hutoka mawe yakishaanza kupata joto, hujipanga na kubanana, bega kwa bega, macho nusu yamefumba. Bibi Nsia ndiye aliyekuwa akikaa katikati, na Ndeshi mapajani pake. Baridi aliiogopa kuliko tai. Na sasa alikuwa anakwenda kulazwa kwenye barafu, kule juu kileleni, katika pango la Bwana Chui!

“Kwangu hafi mtu!” Chui alikuwa ametangaza kijiji kizima. “Nawahifadhi mpaka siku dawa itakapopatikana. Mwili mzima, madebe ishirini ya ulezi. Kichwa peke yake, madebe sita. Ubongo ndio mtu, jamani! Miguu ataoteshwa mingine huko mbele.”

Ulezi huo ulikuwa wa togwa. Chui yule alipenda togwa kupita hata nyama.

Baba Ndeshi alilipa yote ishirini. Kila mwaka angeongeza debe moja la kumtunza mama yake.

Masika yakaja, mama yake Ndeshi akajifungua kitoto cha kike. Sasa kwa pimbi, mtoto hurithi jina la bibi siku bibi anapozikwa. Ndeshi akakimbilia kwa baba yake. “Tumwite Nsia!”

“Jina halitolewi,” baba akasema taratibu. “Mwenyewe bado analo.”

Basi kile kitoto kikakosa jina. Kikaitwa “Wewe.” Wewe njoo unyonye. Wewe acha kulia. Ndeshi alikuwa akikisikia kinaitwa hivyo, roho inamuuma.

Siku moja Chui akaitisha mkutano. Akapanda juu ya jiwe, akapiga miayo ili meno yaonekane.

“Ada imepanda,” akasema. “Kutunza mgonjwa sasa ni madebe matatu kwa mwaka. Asiyeweza, jamaa yake anashushwa daraja. Mwili tunautoa, tunabaki na kichwa.”

“Ala! Mnaukata?” akaguta Mama Tembo. Yeye alikuwa ameweka kichwa cha mumewe tu. Mwili mzima wa tembo, nani angeweza kuulipia?

“Tunaupunguza,” Chui akamsahihisha.

Baba Ndeshi akamwinamia binti yake. “Nitatoa mbegu,” akanong’ona.

“Halafu tupande nini, Baba?”

“Mama yangu hatabaki kichwa, Ndeshi.”

Ndeshi akamtazama. Akafikiria yale mapaja ya bibi yenye joto. Hayo nayo yako kwenye ubongo? Hasira zikampanda mpaka masharubu yakasimama. Lakini akajipangusa, akasogea mbele na adabu zake zote.

“Shikamoo, Bwana Chui.”

“Marahaba, kajukuu. Sema upesi.”

“Nataka kuelewa tu, ili tulipe kwa moyo. Hao walio pangoni, ni maiti?”

“Astaghfiru! Maiti kwangu?” Chui akavimba. “Wako hai! Wamepumzika!”

“Sikio la Mama Tembo ni kubwa lakini linaziba. Tafadhali, sema tena.”

“WAKO HAI!” Mlima ukaitika: hai, hai, hai.

“Kwa hiyo wamelala kwako tu, kama wageni?”

“Wageni wangu wa heshima!” Chui akapiga kifua, puu! “Kila mmoja wao!”

“Asante, mzee wangu. Sina swali.”

Wanyama wakatawanyika wakimwonea huruma yule mtoto asiyejua hata kubishana. Lakini Ndeshi hakwenda nyumbani. Alipita mlango hadi mlango akisema maneno machache, na kila alipopita kikasikika kicheko kidogo ndani.

Kwa maana sheria ya nchi ile ilikuwa moja, na Chui mwenyewe aliitumia kila aliposafiri: ukilaza mgeni, unamlisha. Na jamaa zake wakija kumjulia hali, hawaondoki na njaa.

Asubuhi, ngo! ngo! ngo! Chui akafungua mlango wa nyumba yake kando ya pango. Mama Tembo huyo, na wanawe tisa, na mikeka.

“Hodi! Tumekuja kumsalimia mume wangu. Tutakaa kaa kidogo.”

Nyuma yao nyati, ngiri, swala, nyani na watoto wao wanaolia. Ukoo mzima wa pimbi. Baba Ndeshi naye alikuwepo, amevutwa mkono na binti yake bila kuambiwa kitu.

“Karibuni,” Chui akasema, kwa kuwa hakuwa na neno lingine la kusema.

Glu! glu! glu! Mtoto wa kwanza wa tembo akamaliza mtungi wa togwa. “Mjomba Chui, bado!” Glu! glu! glu! Kufika saa sita, ghala lilikuwa linaonyesha sakafu. Chui anakoroga, anamimina, jasho linamtiririka, na kamkia kamelowa uji.

“Haya, na wao?” akauliza Ndeshi.

“Wao nani?”

“Wageni wako wa mle ndani. Bibi yangu ana miezi minane kwako, hujampa hata kijiko! Mgeni gani huyu anayelazwa na njaa, tena anatozwa? Pika, Bwana Chui. Vichwa kumi na saba na miili minane. Tunangoja.”

“Pika! Pika! Pika!” wakaimba wale tembo tisa, wakikanyaga chini, tii! tii! tii!

Chui akatupa mwiko. “Hawali! Mtu aliyekufa anakulaje? Wamekufa, nyie! Wamekufa wote!”

Mlima ukaitika: wote, wote, wote.

Ndeshi alikuwa ameshinda. Akageuka ashangiliwe, akamwona baba yake amekaa chini, mikono imelegea juu ya magoti. Neno lile alikuwa amelikimbia miezi minane, na binti yake ndiye aliyemletea mbele ya watu. Ndeshi akasahau kushangilia. Akaenda akajibanza ubavuni mwake, kama wafanyavyo pimbi asubuhi.

“Nisamehe, Baba.”

“Siku ile uliniuliza,” baba akasema. “Nilishindwa kukujibu.”

“Najua.”

“Amekufa, mwanangu. Mama yangu amekufa.” Na hapo ndipo alipolia.

Hakuna aliyemlipa Chui tena. Kila mtu aliingia pangoni akamtoa wake. Mama Tembo alikibeba kichwa cha mumewe kwa mkonga, polepole, kama anambeba mtoto.

Bibi Nsia walimlaza kwanza juu ya lile jiwe lake la kuotea jua. Jua likampiga. Barafu ikatoka kwenye nyusi, tone, tone, mpaka manyoya yakalainika akawa kama alivyokuwa. Wakabanana wote kumzunguka mpaka jiwe likapoa. Ndipo wakamzika. Na baba akakinyanyua kile kitoto, akakiambia sikioni, “Nsia.”

Funzo lake, wadogo zangu, ni hili: anayemuuzia mfiwa matumaini husema kweli siku anapodaiwa yeye.

Sasa nawaomba jambo moja. Mwenye bibi, kesho asubuhi akae naye juani.