Dakika Tatu za Bi Nyamizi

Hapo zamani, si ile zamani ya mababu bali ya juzi tu, watu wakiwa tayari na simu mifukoni, walikuwako vijana watatu waliotaka kutengeneza filamu. Si filamu za mapenzi, si filamu za majini. Walitaka filamu za kweli: mtu wa kweli, nyumba yake ya kweli, maneno yake mwenyewe. Na hawakuwa na wa kuwafundisha.

Minza alishika sauti. Kondo alishika kamera. Salha alishika kompyuta, akikata na kuunga.

Minza alikuwa na miaka thelathini na mmoja. Alikuwa ameandika barua tisa kuomba mtu wa kumwongoza. Barua sita hazikujibiwa. Mbili zilijibiwa kwamba arudi akiwa na uzoefu. Moja ilisema nafasi ni za wale ambao tayari wana mwalimu. Wakati anasubiri, alirekodi harusi na kwaya. Alijua kila ukumbi wa Igunga unavyovuma spika zikizidi, na alijua kwamba mwaka ukipita tena hivi hataandika barua ya kumi.

Katika mji huohuo aliishi Mzee Kasanda. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa amebeba stendi za kamera za Wazungu waliokuja kupiga picha watu weusi, na jina lake halikuwahi kuandikwa mwisho wa filamu hata moja. Mwaka wa kumi na mbili alitengeneza yake. Upande ule alikuwa mweusi wa kwanza kufanya hivyo, na filamu ilizunguka dunia. Sasa alikuwa mzee, na akatoa neno.

"Nitafundisha mtu mmoja. Miaka miwili, nyumbani kwangu, kwa kamera yangu. Na kila mlango ninaoujua nitambishia hodi."

"Mmoja tu, mzee?" Minza aliuliza. "Tuko watatu."

"Daktari amesema macho haya yana miaka miwili. Ni presha ya macho, haina kurudi nyuma. Nikifundisha watatu, kila mmoja ataondoka na kipande. Na wanaonisaidia huko nje wanataka jina moja, Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu. Jina lisipofika, nafasi inapelekwa nchi nyingine, na huku hairudi. Leteni filamu, niione."

Nafasi moja. Watu watatu. Wakaenda kutengeneza filamu.

Nje ya mji kulikuwa na kinu cha pamba kilichofungwa, na kando yake kota za wafanyakazi. Mwenye kinu mpya alitaka kota zibomolewe. Ndani ya kota moja aliishi mjane, Bi Nyamizi. Mumewe alikuwa mpiga king'ora wa kinu: asubuhi kuita watu kazini, saa sita kuwatoa wakale, jioni kuwaachia. Alikipiga miaka ishirini na miwili.

Walipiga picha siku kadhaa, nyumba kwa nyumba; Bi Nyamizi walimhoji asubuhi nzima. Bi Nyamizi alijibu kama mtu anayejaza fomu. Alikuja hapa mwaka gani. Ana watoto wangapi. Notisi aliipata lini. Kila jibu lilikuwa sahihi na hakuna lililokuwa hai. Salha, aliyekuwa akiuliza maswali, alifunga daftari.

"Asante, mama, tumemaliza," Kondo alisema. "Nimezima." Akageuka kukunja nyaya.

Sasa, washika sauti wana desturi yao. Kabla ya kutoka chumbani hurekodi chumba chenyewe, dakika moja, pasipo neno. Mhariri huutumia ukimya ule kuzibia mapengo.

"Mama, nipe dakika moja," Minza alisema. "Asiongee mtu, asijisogeze mtu. Nachukua sauti ya chumba."

"Chumba kina sauti?"

"Kinayo, mama."

Bi Nyamizi alitikisa kichwa kukubali, kama mtu aliyekuwa akilijua hilo siku nyingi. Wakanyamaza.

Katika hedifoni Minza alisikia saa ya ukutani. Alisikia kuku nje. Alisikia pumzi ya Bi Nyamizi, kisha hakuisikia. Akainua macho. Mama yule alikuwa ameelekeza uso dirishani, kule kinu kilipo, na machozi yalikuwa yakimshuka. Hakujipangusa. Alikuwa ameambiwa asijisogeze.

Minza akaangalia kamera. Taa nyekundu ilikuwa inawaka.

Hilo mlishike, mnaosikiliza. Minza aliiona taa. Kondo alikuwa amewapa mgongo. Salha alikuwa amejishika tama, macho sakafuni. Minza peke yake alijua kwamba kamera inachukua, na kwamba mwenye machozi ameambiwa haichukui. Dakika ilikwisha. Angeweza kusema, "Asanteni." Hakusema. Dakika ya pili ikapita. Ya tatu ikapita. Ndipo akasema, "Asanteni," na Bi Nyamizi akapandisha pembe ya kanga yake usoni.

Siku kumi baadaye wakampelekea Mzee Kasanda filamu. Aliisogelea skrini ya kompyuta ya Salha, mpaka pua ikaribie kugusa. Zilipofika zile dakika tatu akazitazama mpaka mwisho. Akaomba zirudiwe. Akaomba tena.

"Hii ndiyo filamu," alisema. "Kwingine kote mnaeleza tu. Nani ametengeneza dakika hizi tatu? Huyo ndiye mtu wangu."

Kondo akawahi.

"Mimi, mzee. Fremu ile nimeipanga mimi. Dirisha upande, mwanga shavuni, mama katikati. Kamera ilijisahau kuzimwa, sawa, lakini ilijisahau pale nilipoiweka. Bila picha, hapo kuna nini? Redio." Akamgeukia Minza, akicheka. "Na wewe Mnyamwezi, kazi yenu tangu zamani ni mizigo. Beba maikrofoni yako, picha waachie Wazaramo."

"Mtani, Mzaramo akishika kamera anangoja ngoma ilie ndiyo aamke," Minza alijibu. "Ukimya ule niliuomba mimi. Kwa maswali yenu mama angeendelea kutaja tarehe mpaka jioni. Dakika ilipokwisha nikaiacha iendelee. Ningesema neno moja tu, yasingekuwepo hayo mnayoyatazama."

Salha hakucheka.

"Mmemaliza?" aliuliza. "Mzee, nilikuwa na saa arobaini za picha. Kondo aliniambia hicho kipande futa, ni takataka. Sikufuta. Nilijaribu sekunde kumi, nikajaribu thelathini. Kila nilipokata, mama alikuwa analia tu, kama yeyote anayelia kwenye taarifa ya habari. Nilipoziacha zote tatu akawa Bi Nyamizi. Hawa waliokota. Mimi ndiye niliyejua walichookota."

"Dada, umetukanwa na nani?" Kondo alisema.

"Na wewe, uliposema futa."

Utani ukaishia hapo. Walikuwa wamekula sahani moja miaka minne, na siku ile waliondoka kila mtu kwa njia yake.

Lakini Mzee Kasanda naye alikuwa na desturi yake. Filamu haijaisha mpaka mwenyewe aliyepigwa picha ameiona. Alhamisi akaagiza Bi Nyamizi aletwe.

Bi Nyamizi alikuja kutoka kwa wifi yake. Kota zilikuwa zimebomolewa Jumanne. Filamu haikuwa imeonwa na mtu yeyote ambaye angeweza kuzuia jambo lolote. Alikuja na mfuko mmoja, akauweka miguuni, akaitikia shikamoo zao, akakaa.

Alitazama majibu yake. Zilipofika zile dakika tatu, alijiangalia mwanzo mpaka mwisho. Kisha akamtafuta Kondo kwa macho.

"Mwanangu, si ulisema umezima?"

Kondo akafungua mdomo. "Nilisema hivyo, mama?"

"Ulisema."

"Wallahi sikumbuki. Nimezima, nasema kila nyumba, kama mtu anavyosema asante. Nilidhani nimezima."

"Nilikuwa namsikiliza mume wangu," Bi Nyamizi alisema. "Ilikuwa saa sita. Saa sita mimi hukaa pale nikasikiliza, ingawa hakuna king'ora. Miaka tisa sasa. Wanangu hawajui. Wakijua watasema mama ameanza kuchanganyikiwa. Huyu binti aliposema tunyamaze anachukua sauti ya chumba, nikajua ameambiwa habari za king'ora. Nikajua na ninyi mnamsikiliza."

Ijumaa ilikuwa kesho.

Minza alifanya hesabu, na hesabu ilikuwa fupi. Kondo hakujua. Salha hakuwa ameangalia. Akikaa kimya, hakuna jicho lingine lililoiona taa ile. Alikwisha kukaa kimya dakika tatu. Ya nne haikuwa ngumu. Akafikiria kumbi za harusi.

"Mimi niliiona taa," alisema. "Nilijua inachukua, mama. Niliona unalia, nikaona taa, nikanyamaza."

Salha akamgeukia Kondo. "Na mimi nilikusikia, Kondo. Iko kwenye sauti: nimezima. Niliisikia mara nyingi, halafu nikaikata, kwa sababu ingeharibu." Akaongeza, bila kumtazama mtu, "Asingesema Minza, na mimi nisingesema."

Kondo alisimama. "Basi mzee, hapa msafi ni mmoja. Mimi sikujua chochote."

"Wewe ni msafi kwa sababu hukuitazama kazi yako," Mzee Kasanda alimwambia. "Kaa chini."

Akakaa.

"Miaka kumi na mmoja nilibeba stendi," mzee aliendelea. "Niliona mama zetu wakiambiwa imezimwa, na haijazimwa. Nilijua Kiingereza cha kusikia, nilisikia wakicheka garini. Nilisema siku watoto wetu wakishika kamera wenyewe, hilo litakoma. Ndiyo maana nilitaka kufundisha. Na mimi juzi nimezitazama hizo dakika mara tatu, nimefurahi, sikuuliza zilipatikanaje." Akamgeukia Bi Nyamizi. "Mama, tuzitoe?"

"Zikitoka, hawa watoto watapata hiyo nafasi waliyoniambia?"

"Hakuna atakayepata. Zikitoka hakuna filamu, na jina haliendi bila filamu."

Bi Nyamizi aliangalia mfuko wake.

"Basi ziacheni. Nyumba imekwenda, dirisha limekwenda. Kwa wifi yangu saa sita redio inafunguliwa. Machozi niyafiche wapi tena? Chukueni."

"Mama, hiyo si ruhusa," Mzee Kasanda alisema. "Hiyo ni kuchoka."

"Niliyonayo ni hiyo." Akainuka. Mlangoni akasimama mbele ya Minza. "Ile sauti ya chumba, uliipata?"

"Ninayo, mama."

"Ina nini ndani?"

Minza angeweza kumdanganya. "Saa ya ukutani, mama. Kuku. Pumzi yako."

"Hakuna kingine?"

"Hakuna."

Bi Nyamizi akaondoka.

Ijumaa asubuhi Mzee Kasanda aliwaita wote watatu. Fomu ilikuwa mezani, na ndani yake mstari mmoja wa jina moja. Mpeleka barua alikuwa nje, pikipiki ikinguruma.

Kondo alisema, "Mzee, mimi sijamdanganya mtu kwa makusudi. Ukimchagua aliyejua, unatufundisha nini?"

Salha alisema, "Mzee, nimekosa. Lakini hapa anayejua kazi ni mimi, na unajua. Macho yako ya miaka miwili uyatumie kwa anayejua kazi, au kwa aliyesema kweli?"

Minza alijua kwamba aliyetubu kwanza ndiye aliyekosa zaidi. Alijua pia kwamba alipotubu, kona fulani ya moyo wake ilikuwa imefikiri kwamba huenda mzee akalipenda hilo. Kona hiyo hakumwambia mtu.

"Na mama?" Mzee Kasanda aliuliza, akijiuliza mwenyewe. "Dakika tatu zile alizitengeneza yeye. Yeye nimwandike wapi?"

Akachukua kalamu. Akainamisha uso mpaka karatasi ikamgusa paji. Kalamu ikashuka juu ya meza, nje ya fomu.

"Mstari uko wapi?" aliuliza. "Asubuhi hii siuoni. Minza, niwekee kidole."

Minza akaushika mkono wa mzee. Ulikuwa mwepesi. Akauweka juu ya mstari, akauachia, akarudi nyuma hatua moja. Nje, mpeleka barua akapiga honi.

Kalamu iko juu ya mstari, mnaosikiliza, na honi inapigwa mara ya pili. Yuko asiyejua kwa sababu hakutazama. Yuko aliyejua, akakata, na kazi aliiweza. Yuko aliyejua, akanyamaza, akasema. Yuko mama aliyekuwa akimsikiliza mumewe. Na uko mstari, ambao unaweza kurudi mtupu, na nafasi isirudi tena.

Je, mzee aandike jina la nani?