Jina la Chemchemi ya Kirumbi

Sogeeni. Anayesinzia asinzie, ila sikio moja aliache wazi, maana mwishoni nitauliza.

Juu kwenye milima ya Taita, ukungu unakoshuka hadi kwenye migomba, ndugu watatu walifungua ofisi ndogo ya kushauri vijiji kuhusu mazingira na afya. Mghoi, dada mkubwa, akilalia ardhi huota njia ya maji yaliyo chini yake. Mwadime, kaka wa kati, akionja tone moja hujua maji yamekutana na nini. Wakesho, kitinda mimba, hakuwa na maajabu. Alijua kusikiliza tu.

Siku moja akaja mama mmoja, Mkamburi, kutoka kijiji cha Kirumbi. Mgongoni alimbeba binti yake Saru, mwepesi kama kikapu kitupu.

"Ndugu zangu, zahanati inamtibu, akirudi nyumbani anatapika tena. Watoto wa jirani pia. Nimeshazika mmoja. Huyu jamani, hapana."

Mghoi akajilaza kilimani mchana kutwa, siku tatu. Akaota uzi mweupe ukipita chini ya mashamba, safi, hadi kwenye jicho la chemchemi. "Maji yanaharibikia pale yanapotokea," akasema. Tangu hapo hakuota tena.

Mwadime akachota pale pale, akaonja, akatema. "Dawa ya wadudu wa nyanya!" Ulimi ukafa ganzi. Hadi leo asali na majivu kwake ni kitu kimoja.

Sasa sikieni. Watu wa Kirumbi huosha jembe kwenye jicho la chemchemi kabla ya kupanda, shamba lipate baraka. Pampu za kupulizia dawa zilipokuja, waliona ni utovu wa adabu kuosha jembe na kuiacha pampu. Wakaziosha pia, kwa heshima zote! Mzee Mwakio, mlinzi wa chemchemi, alipoambiwa alifoka: "Yaani tunawanywesha watoto wetu sumu? Tokeni hapa!"

Wakesho hakutoka. Aliketi na mzee siku saba, akimsikiliza habari za babu zake na chemchemi yao. Siku ya nane mzee akalia. "Mjukuu wangu nilimnywesha kwa mkono huu." Akapiga marufuku pampu kukaribia maji. Lakini kilio kile kilimwingia Wakesho, na kila akilala hukisikia.

Misimu miwili ya mvua ikapita. Saru akanenepa, akaanza kukimbiza kuku. Nilifurahi, nisiwadanganye.

Huko Kirumbi, chemchemi ikipona hupewa jina la aliyeiponya. Kila achotaye hulitaja na kumwombea, na mwenye jina hurudishiwa alichopoteza. Jina ni moja tu, na Mkamburi ndiye aliyeombwa kulitamka.

"Bila ndoto yangu mngetafuta wapi?" akauliza Mghoi.

"Kusema kweli," akasema Mwadime, "natamani utamu wa asali."

Wakesho alifikicha macho. Yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi.

Mkamburi akawatazama wote watatu. Saru, kibuyu kimejaa mkononi na kiu imemshika, akamvuta nguo. "Mama, nimtaje nani?"

Mmoja atapona, wawili watabaki walivyo. Je, wewe ungemwambia mtoto amtaje nani?