Nakijwa na Njia ya Mawe Matatu

Paukwa!
— Pakawa!
Njia ya wapi?
— Ya mlimani!
Anayechoka?
— Asiseme!

Haya, msiseme. Hapo kale, kale ya mababu wa mababu, alikuwako mwanamke jina lake Nakijwa, mkulima wa maharage chini ya mlima. Juu mlimani aliishi Senzighe, na mfereji wa maji ulianzia kwake. Mwaka huo mvua ziligoma. Senzighe akayafunga maji yote yabaki kwake. Maharage ya Nakijwa yakaanza kukunja majani. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, au nasema uongo?

Nakijwa akamfuata Senzighe sokoni. "Shikamoo mjomba. Tufungulie maji. Maharage yakifa, wanangu watakula nini?"

Senzighe akacheka mpaka kofia ikamwanguka. "Marahaba, binti yangu. Tupande wote njia ya wazee, toka mtoni mpaka kileleni. Atakayetangulia kukaa chini ameshindwa. Ukikaa wewe, nisisikie tena habari za maharage. Nikikaa mimi, maji nafungua."

Jamani, njia ile! Wazee waliichonga walipokuwa wakiwakimbia maadui: ngazi za mawe katikati ya msitu, zimesimama wima kama ukuta. Senzighe kazaliwa huko. Nakijwa ni mtu wa tambarare. Lakini njia ile ina desturi yake. Ina mawe makubwa matatu, na kwenye kila jiwe mgeni husimama akapasifu mahali hapo, na mwenyeji husikiliza mpaka mwisho. Kumkatiza mgeni ni mwiko.

Wakapanda, wakapanda, wakapanda. Jiwe la kwanza! Kifua cha Nakijwa kinawaka moto, magoti yanagombana. Akasimama, akaegemea fimbo. "Ewe jiwe, umependeza! Ewe mkangazi, nani kakurefusha hivyo? Ewe mbega, nani kakuvika shuka nyeupe?" Akasifu jani mojamoja mpaka pumzi zikamrudia. Hila hiyo mnaiona? Senzighe hakuiona.

Wakapanda, wakapanda, wakapanda. Jiwe la pili! Nakijwa akasifu maporomoko, akasifu ukungu, akamsifu hata konokono.

"Konokono naye?" Senzighe akaguna. Miguu inamtetemeka, maana kupanda alikuzoea, kusimama hakukuzoea.

"Ndiyo desturi, mjomba. Sijafika kwenye pembe zake."

Wakapanda, wakapanda, wakapanda. Jiwe la tatu! Miti ikaachana. Loo! Nchi yote imelala chini: mto unameta, milima nyuma ya milima, vivuli vya mawingu vinatembea mbugani. Nakijwa akafungua kinywa asifu. Sauti haikutoka. Akasahau hila, akasahau hata kuchoka. Machozi yakamtoka kwa furaha. Kumbe maisha yake yote ameishi chini ya uzuri huu, asijue!

Senzighe akangoja sifa. Akageuka atazame anachokitazama mgeni. Miaka yote amepanda njia hiyo akitazama vidole vya miguu yake. Sasa akauona mto. Akauona msitu. Akaliona na shamba la Nakijwa, dogo kama leso, limekauka, na watoto wamesimama katikati yake. Akakaa chini.

"Mjomba, umekaa!"

"Nimekaa, binti yangu. Nenda kafungue maji. Mimi niache nitazame."

Ndiyo maana wakasema, mgeni njoo, mwenyeji apone.

Hadithi yangu imefika kileleni. Mwenye magoti mazima na aiteremshe nyumbani.