Jeki Isiyoshuka

Palikuwa na mtu pale Mombo, njia panda ya kwenda Lushoto, aliyejaaliwa kigari kimoja, kitambi kimoja, na maneno ya watu saba. Jina lake Bwana Shekiondo. Kazi yake ilikuwa kupita gereji kwa gereji akiwauzia mafundi spana, bisibisi, nyundo na jeki. Ubavuni mwa kigari aliandika kwa rangi nyekundu: DHAMANA YA MAISHA. KIKIHARIBIKA TUNABADILISHA.

Sasa lisikieni sharti lake. Dhamana ipo, ila kasoro lazima aione yeye mwenyewe, kwa macho yake mawili, palepale. Na Bwana Shekiondo hakai mahali! Anauza, anawasha gari, ametoweka. Ukimkaribisha chai anakwambia chai ni ya watu wasio na kazi.

Aliyenasa kwenye sharti hilo ni Fundi Siwema, mwanamke mfupi mwenye grisi hadi kwenye nyusi, na ulimi ambao hata madereva wa malori waliuogopa. Alinunua kwa Bwana Shekiondo jeki ya mafuta. Mwezi wa pili ikaanza kuvuja. Ukiipandisha, inapanda bila tatizo. Kisha inashuka yenyewe, polepole, kwa muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai.

Siku moja ikashuka Siwema akiwa chini ya teksi. Kilichomwokoa ni magogo mawili aliyoyaweka pembeni, la sivyo tungemsomea hitima. Hakuona haya kusema kwamba aliogopa. Hakuwa na jeki nyingine, na kazi haikumngoja.

Alhamisi Bwana Shekiondo alipofika, Siwema akamwekea jeki mbele ya miguu.

"Inashuka hii. Nibadilishie."

Bwana Shekiondo akaipachika chini ya gari lililokuwa karibu, akaipandisha, akaikodolea macho kwa muda wa kupiga chafya.

"Imeshuka?"

"Subiri kidogo."

"Nimeuliza, imeshuka?"

"Bado."

"Basi nzima!"

"Kaa unywe chai, utaiona."

"Fundi Siwema, nikusaidie. Jeki hii haishuki. Wewe una wasiwasi, na jeki inamsikia mtu. Ukiwa na wasiwasi, nayo inaingiwa na wasiwasi. Jirekebishe!"

Akawasha kigari, huyo.

Alhamisi ya pili, hivyohivyo. Ya tatu, hivyohivyo, na safari hii akamshauri akaombewe dua. Mafundi wenzake walicheka, kisha kila mmoja akaiangalia spana yake iliyovunjika.

Alhamisi ya nne kigari kilisikika kabla hakijaonekana. Kilikuwa kimeteremka mlima wote wa Lushoto breki zikilia.

"Fundi, nitazamie breki," akasema Bwana Shekiondo. "Na iwe bure. Mimi si mgeni wako wa kila Alhamisi?"

"Hakuna neno," akasema Siwema, mpole kama bibi harusi.

Wenye akili pale gereji wakaanza kutafuta pa kukaa.

Siwema akaleta jeki yake, ileile. Akakiinua kigari, akafungua nati, akang'oa tairi la mbele na kulibiringisha mpaka ndani ya banda. Nati akazitia mfukoni. Kisha akaketi kwenye benchi, akamimina vikombe viwili.

"Karibu chai."

"Chai gani? Fanya kazi!"

"Breki zina moto, zimetoka mlimani. Sizishiki mpaka zipoe."

Bwana Shekiondo angekwenda wapi na magurudumu matatu? Akaketi. Akanywa funda la kwanza. Akanywa la pili. La tatu halikushuka kooni, maana kigari kilikuwa kimeanza kuinama.

"Fundi! Jeki inashuka!"

"Haishuki. Ina dhamana."

"Nakwambia inashuka, naiona!"

"Unaiona?"

"Kwa macho yangu!"

"Yote mawili?"

"Yote mawili! Weka magogo, breki itagonga chini!"

"Magogo ya nini, na jeki nzima? Ni wasiwasi wako huo, Bwana Shekiondo. Jeki inakusikia. Jirekebishe."

Hapo kitambi kilikimbia, jamani, mwenyewe akifuata nyuma. Alifungua mlango wa nyuma wa kigari, akavuta boksi, akalichana kwa meno, akatoa jeki mpya inayong'aa. Akalala kwenye mafuta machafu na shati lake la pasi, akaipachika, akaipandisha huku akihema. Kigari kikasimama, kimebakiza upana wa vidole viwili kufika chini. Ile jeki ya zamani ikalegea na kuanguka ubavu.

Bwana Shekiondo akainuka mweusi mgongo mzima. Akajifuta, akakohoa, akaurudisha ukubwa wake.

"Haya. Funga tairi langu. Ukimaliza, hiyo mpya unirudishie. Ni ya kuuza."

Siwema akamaliza chai yake kwanza. Akaenda kuiokota jeki ya zamani iliyokuwa ikidondosha mafuta, akasimama nayo mbele ya watu wote, nati zikigongana mfukoni.

"Bwana Shekiondo, mimi sifungi tairi juu ya jeki ya mtu. Nafanya kazi na jeki yangu tu. Sasa niambie wewe, mwenye macho mawili: yangu ni ipi?"