Mganga Aliyekanda Udongo

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa gani hiyo? Mnaitika kama mliolala na kiporo tumboni. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa nasikia kuna watu.

Hapo zamani za kale palikuwa na kijiji cha wafinyanzi. Walikula kwa vyungu, walioa kwa vyungu, hata kununa walinuna kwa vyungu: mke akikasirika, chungu kinafunikwa, na mume anajua leo ni maji na dua.

Siku moja ukaingia ugonjwa wa ganzi. Ulianzia ncha za vidole, ukapanda mpaka viganjani. Mtu anashika mtungi, anadhani ameushika, kumbe vidole vimeshaaga. Pwaa! Huku pwaa, kule pwaa. Kuku wa kijiji kile walijifunza kutembea wakitazama juu.

Miongoni mwa wagonjwa alikuwamo Siwema, mama wa mtoto mchanga. Mitungi ikimvunjikia, Siwema alicheka. Lakini siku moja mtungi ulimponyoka, pwaa, ukapasuka hatua moja tu kutoka alipolazwa mwanawe. Tangu siku hiyo hakumbeba tena. Mtoto akilia, humwita mkwewe: "Mama, njoo uninyanyulie." Mkwewe anamweka mtoto kifuani mwa Siwema, naye anamnyonyesha mikono ikiwa imelala mkekani kama si yake.

Kijijini palikuwa na mganga, jina lake Makolela. Mtu mwema, sina utani naye hapo. Alitembea siku nne kutafuta mizizi, akaichemsha, akamgawia kila mgonjwa kibuyu. "Unywe jua likiwa utosini. Siku saba."

Sasa sikieni mila ya watu wale. Anayerudisha kibuyu kwa mganga lazima ashukuru. Kuilalamikia dawa ilikuwa kumtukana mganga, na babu yake, na babu wa babu yake.

"Imekufaa?"

"Imenifaa, mganga wetu."

Makolela anafunga fundo kwenye kamba: mmoja kapona. Mgonjwa anatoka, anaugusa mtungi ulioko mlangoni. Pwaa!

"Imekufaa?"

"Mno!"

Fundo. Pwaa!

Kamba ikajaa mafundo, ua ukajaa vigae. Makolela akatazama kamba, akatazama ua, akajikuna kichwa. Akaenda kwa Bibi Sihaba.

Bibi Sihaba alikuwa mfinyanzi mkongwe mwenye meno mawili, moja la kuchekea na moja la kusengenyea. Dawa hakuijua hata moja. Ila mtu akitaka kujua namna ya kukaa na watu hata wamwambie yaliyo moyoni, alikwenda kwake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona uso umekunjamana kama papai la juzi?"

Makolela akaeleza. Bibi Sihaba akauliza, "Nani alikwambia dawa inywewe adhuhuri?"

"Mwalimu wangu."

"Mwalimu wako aliwahi kuchoma chungu?"

"Hapana, bibi."

"Na hao wanaoinywa, uliwauliza?"

"Sikuwauliza, bibi."

"Kawaulize."

Makolela akaenda mbio. Akawaita wagonjwa uani kwake, akakaa juu ya kigoda, kilemba kichwani, usinga mkononi. Wao chini. Na wa kuwasemea akamteua mke wa jumbe, mama mwenye afya kama ndama, ambaye hajaugua hata mafua.

"Dawa yangu ina kasoro?"

Mke wa jumbe akasema, "Haina!"

Wote wakaitikia, "Haina!" Wakaondoka. Mlangoni: pwaa, pwaa, pwaa!

Bibi Sihaba aliposikia alicheka mpaka lile jino la kuchekea likatikisika. "Makolela, hukuwauliza wewe. Umejipigia makofi kwa mikono ya watu. Vua kilemba. Twende shimoni."

Shimo la udongo lilikuwa nje ya kijiji. Humo wafinyanzi, hata wenye ganzi, waliingia wakakanda udongo kwa miguu, tope hadi magotini, wakizungumza. Na shimoni hapakuwa na mkubwa. Tope halina kigoda.

"Ingia," akasema Bibi Sihaba.

"Mimi, bibi?"

"Hawa wakiacha udongo wao kukushauri, nani ataukanda? Wao wakae, wewe ukande. Na usiwaulize kama imewafaa. Waulize imewashinda wapi."

Makolela akaingia. Chapwa, chapwa, chapwa! Akateleza, akakaa, pwaa! Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega. Alipoinuka, tope likimchuruzika sikioni, akauliza taratibu, "Jamani, imewashinda wapi?"

Wakatazamana. Wakamtazama mganga wao, hana kilemba, hana usinga, ana tope. Siwema akasema, "Mganga wetu, usikasirike."

"Nikikasirika nitateleza tena. Sema, mwanangu."

"Adhuhuri ndiyo saa ya moto wa vyungu. Ukiuacha, vyote vinapasuka. Dawa tunaiweka mpaka jioni, na jioni imechacha. Ukiinywa, tumbo linakukimbiza vichakani. Mimi naimwaga kwenye kichuguu."

"Kumbe wewe?" akadakia mzee mmoja. "Mimi namwagia mchicha!"

"Mimi pia!"

Wakacheka wote, na Makolela naye. Akaendelea kukanda. Chapwa, chapwa. Akauliza, "Basi tufanyeje?"

Wakashauriana. Dawa ichemshwe alasiri, moto wa vyungu ukizimika, inywewe pale pale ingali moto.

"Nami nitawachoma miba vidoleni," akasema Makolela, "nijue kama ganzi inatoka."

"Miba ya nini?" Siwema akamjibu. "Mimi sikuja hapa nichomwe. Nataka kujua jambo moja: nitambeba lini mwanangu."

Bibi Sihaba akamtazama Makolela.

Makolela akatafuta mtungi mdogo, akautia mchanga, akaupima na mtoto wa Siwema mpaka uzito ukawa sawa. Kila jioni, baada ya dawa, Siwema aliuinua juu ya udongo laini. Siku ya kwanza ukamponyoka, pfuu. Siku ya pili, pfuu. Siku ya saba, pfuu.

Makolela akauliza, "Siwema, imekufaa?" Mazoea, jamani, hayafi upesi.

Siwema akashusha pumzi. "Haijanifaa."

Watu wakashika vinywa. Neno hilo halijawahi kusikika kijijini! Wakangoja mbingu zianguke. Hazikuanguka.

"Ahsante," akasema Makolela. "Imekushinda wapi?"

"Naisikia inateremka, inafika kiwikoni, inakwama. Vidole vinaamka kidogo nikivikumbatisha kwenye chungu chenye joto."

Makolela akaangalia chungu alichochemshia dawa. Machicha ya mizizi yake yalikuwa chini, yakifuka moshi, na siku zote aliyatupa. "Hebu ingiza mikono humu."

Wakaanza upya: kunywa, na kuchovya. Siku ya tatu Siwema aliuinua mtungi ukakaa kidogo. Siku ya tano akazunguka nao shimo zima. Siku ya nane akauweka chini, akanawa mikono, akamwambia mkwewe, "Mama, nipe."

Mkwewe akasita. Akampa.

Siwema akamshika mtoto. Watu wote wakasimama kimya, wamekodoa macho, hata kuku. Wakangoja ile sauti.

Haikuja.

Siwema akamwinua mtoto juu ya kichwa chake. Mtoto akacheka, akamkojolea mganga.

Wagonjwa wengine nao walipona, ila wawili hawakupona, nao walisema wazi hawakupona, na Makolela hakuwafungia fundo. Alirudi shimoni kukanda na kuwauliza. Bibi Sihaba alikufa kwa uzee, jino la kusengenyea likiwa bado imara. Lakini kijijini kule, mpaka leo, mganga akija na dawa mpya hawamwulizi ametoka wapi wala kasoma kwa nani. Wanamtazama miguuni. Wanauliza, "Umeshakanda?"

Nanyi mkitaka kumtibu mtu, anzeni kwa kumsikiliza, na mkae pale atakapothubutu kuwaambia hapana.

Hadithi yangu naitua hapa chini, nzima. Atakayeiangusha, vigae aokote mwenyewe.