Kinywa cha Baba Mkwe

Maradhi makubwa hupewa heshima yake: huletewa daktari, huchangiwa, huombewa dua. Madogo hayapewi kitu. Huachwa pembeni yajiponee yenyewe, hasa nyumba inapokuwa imechoka, na nyumba ya mshonaji huyu ilikuwa imechoka hadi kwenye mapazia.

Tangu baba mkwe wake agundulike kuwa na saratani ya shingo, mshonaji alikuwa mkono wa kulia na wa kushoto. Mumewe alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu, na alionekana nyumbani kwa nadra kama mwezi mwandamo. Kwa hiyo ni yeye aliyepika uji, akafua mashuka, akampeleka mzee kutundikiwa dawa hospitalini, kisha akarudi kwenye cherehani chumba cha mbele, ambako sare za wanafunzi zilimsubiri zikiwa zimerundikana kama kichuguu.

Mzee mwenyewe alikuwa mpiga mnada enzi zake, na mtaa mzima ulimwita Redio. Hakuzimika. Alikaa kando ya cherehani akinadi kila kilichopita dirishani, hata paka wa jirani, na mkwewe alicheka huku mguu ukikanyaga.

Siku ya kwanza ya dawa, muuguzi alimketisha mshonaji na kumweleza taratibu. Dawa ile hupigana na ugonjwa, alisema, lakini huchubua pia ngozi laini ya kinywa. Mgonjwa asukutue kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo kila baada ya kula, atumie mswaki laini, na meno yake ya bandia yavuliwe usiku na kusafishwa. Zaidi ya yote, kinywa kimulikwe kila siku. Kikionekana kidonda, hata cha ukubwa wa punje ya mtama, waje upesi. Mshonaji aliitikia kwa kichwa. Mawazo yake yalikuwa kwenye foleni ya dirisha la dawa.

Ugumu ulikuwa kwenye yale meno. Mzee hakuwahi kuyavua mbele ya mtu, hata mbele ya marehemu mkewe. Mshonaji alipomwomba afungue kinywa, alimtazama kwa upole.

"Mwanangu, nyumba hii yote nimekuachia," alisema. "Mlango huu mmoja niachie mimi."

Naye akauacha. Aliona haya kumchungulia baba mkwe kinywani kama anunuaye punda, na moyoni alishukuru kupunguziwa kazi moja. Alimweleza mumewe kwa simu, naye akaahidi kuzungumza na baba yake akirudi. Alirudi, akalala kama gogo, akaondoka.

Baadaye mzee aligusa shavu akasema kuna mahali chumvi inamwasha, afadhali aache kusukutua kwa muda. Shule zilikuwa karibu kufunguliwa. Bila kuinua macho kwenye mshono, mshonaji akamjibu kwamba huo ni ukali wa dawa tu, utapita. Mzee akaamini.

Tangu hapo Redio ikaanza kupungua sauti. Kwanza paka hakunadiwa, kisha salamu zikawa za kichwa. Mshonaji, Mungu amsamehe, aliufurahia ule ukimya. Sare zilishonwa upesi. Kilichomuudhi ni bakuli la uji kurudi limejaa. Asubuhi moja uvumilivu ukamwishia.

"Baba, nimechoka," alisema. "Kama uji wangu haufai, sema. Usinirudishie tu."

Mzee alifumba macho.

Kesho yake alikutwa anachemka kwa homa, shuka limelowa, pumzi inanuka. Jirani mwenye gari aliwakimbiza hospitalini. Daktari alimulika kinywa, akayatoa meno taratibu, na mshonaji akaona kile ambacho hakutaka kukiona: ufizi umechubuka wote, vidonda vyeupe vimetanda chini ya meno na kusambaa hadi ulimini. Machozi yalimtiririka mzee bila sauti.

Daktari alisema vijidudu vimepitia kwenye vidonda na kuingia katika damu, na mwili uliodhoofishwa na dawa hauna askari wa kuvizuia. Matibabu ya saratani yangesimama kwanza. Mzee akawekewa mpira puani wa kumlisha.

"Kilianza lini?" muuguzi aliuliza bila kulaumu.

"Alinionyesha," mshonaji akajibu. "Nilikuwa nashona."

Mumewe alipofika, alisimama miguuni pa kitanda akasema lawama ni zake, kwani ndiye aliyeahidi kuzungumza. Mkewe hakubishana naye, wala hakumfariji. Hakuwa na nguvu ya lolote kati ya hayo mawili.

Homa ilishuka polepole. Siku moja muuguzi alipoleta maji ya kusafishia kinywa, mzee alitikisa kichwa, akamwonyesha mkwewe kwa kidole, kisha akafungua kinywa chake kitupu. Mshonaji aliloanisha kitambaa laini na kupangusa ufizi kama mtu apangusaye jicho la mtoto mchanga.

"Nisamehe, baba."

"Heshima yangu na uchovu wako," mzee alisema kwa sauti ya mkwaruzo, "vilikula njama. Tusameheane."

Walirudi nyumbani, lakini si kama walivyotoka. Dawa ilipokuwa imesimama, uvimbe shingoni ulipata nafasi ukakua, na tiba iliyokuwa ikielekea ukingoni ikabidi ianze upya, ndefu na kali zaidi. Meno hayakumkaa tena. Sauti iliyowahi kutikisa mnada ikawa ya kusikilizwa kwa kuinamiwa. Kila baada ya mlo cherehani husimama, tochi huwashwa, na mzee hufungua kinywa bila kuombwa. Mshonaji bado amechoka. Huenda amechoka zaidi. Ila hasemi tena kwamba kidogo kitapita chenyewe, kwa maana ameona kwa macho yake kuwa mdharau mwiba, mguu huota tende.