Pimbi Alipotoa Mji

Paukwa!

Pakawa!

Mwenye mtoto ampakate, mwenye chungu motoni akiipue, tusije tukasimulia huku mboga inaungua.

Hapo zamani za kale, wanyama walimaliza ugomvi wao kwa maswali badala ya meno. Wakati huo alikuwapo Pimbi, mama mpole asiyependa kusema mbele za watu. Aliishi na wanawe katika ufa wa mwamba, mahali palipoitwa Mwambani.

Watoto walikuwa wanne. Siku moja Chui akaingiza mkono katika ufa, akamtoa mmoja. Tangu siku hiyo Pimbi hakupata usingizi. Akisinzia kidogo, anashtuka, anawapapasa: huyu yupo, huyu yupo, na huyu yupo.

Juu ya kilima palikuwa na pango refu lenye mdomo mwembamba. Chui asingeweza kupitisha hata bega. Nungunungu aliyekaa humo alikuwa amehama. Pimbi akalitaka lile pango. Nyani naye akalitaka.

"Kaka Nyani, wewe unalala mitini," Pimbi akasema kwa sauti ndogo. "Pango la nini?"

"La kuwekea mahindi yangu, dada. Tena sema kwa nguvu! Au sauti nayo ilikwenda na mkia?"

Wanyama wakacheka, maana Pimbi hana mkia. Pimbi akatazama chini.

Basi wakamwita Korongo, ndege wa safari, aliyekuwa amepita nchi nyingi na kusikia mengi. Wakamwambia, "Bwana Korongo, pango tunalitia mkononi mwako. Waulize hawa maswali matatu, kisha umpe anayestahili."

Desturi ilikuwa ile ile ya vitendawili. Asiyejua jibu hutoa mji, naye mwuliza swali akishapewa mji hutoa jibu. Lakini wanyama wa kilima kile waliona kutoa mji ni aibu kubwa. Mtu alikuwa radhi abahatishe mara kumi kuliko kusema hajui.

Korongo akasimama kwa mguu mmoja, akauliza la kwanza.

"Umeme na ngurumo hutoka pamoja mawinguni. Kwa nini tunauona umeme kwanza?"

Nyani akaruka. "Kwa sababu umeme ni mkubwa, ngurumo ni mdogo wake! Mkubwa hutangulia!"

"Siyo. Bi Pimbi?"

Pimbi akasema, "Ng'ambo ya bonde kuna mkata kuni. Mimi nikikaa mwambani naona shoka limeshatua kwenye mti, ndipo nasikia ko! Basi nafikiri mwanga una mbio kuliko sauti."

"Ndivyo," akasema Korongo. Akauliza la pili.

"Mwaka wa nzige palikuwa na mashindano ya mbio. Mshindi alikuwa Swala, hilo kila mtu analijua. Nani alikuwa wa pili?"

"Mbuni!" Nyani akapiga kelele. "Nilikuwa juu ya mti pale pale. Alijikwaa mwishoni, akamtukana Swala!"

"Kweli kabisa," akasema Korongo.

Nyani moja, Pimbi moja. Limebaki moja. Pimbi akawatazama wanawe watatu waliojibanza ubavuni mwake.

Korongo akauliza la tatu. "Nani alitunga hadithi ya kwanza kabisa duniani?"

"Babu yangu!" Nyani akajipiga kifua. "Andikeni hapo, babu yangu mzaa baba!"

Korongo akageuza shingo. "Bi Pimbi?"

Pimbi akafikiri, asipate kitu. Mwanawe mkubwa akamnong'oneza, "Mama, sema bibi yako. Sema chochote! Chui yuko."

Kusema chochote kulikuwa rahisi. Lakini Pimbi akaona, nikidanganya mbele ya wanangu leo ili niwaokoe, kesho nikiwaambia njia hii ni salama, wataniamini vipi?

"Bwana Korongo," akasema, "hili silijui. Nakupa mji."

Kicheko kikapasuka. Nyani akagaagaa chini kwa furaha.

"Mji gani?" akauliza Korongo.

Pimbi hakuwahi kusafiri. "Nakupa Mwambani, nilikozaliwa. Sina mwingine."

Korongo akakunjua mabawa, akaanza kama ilivyo desturi. "Nilikwenda Mwambani, wenyeji wakanilaki, wakanipa majani mabichi, nikala, nikanywa, nikarudi na jibu, na jibu lenyewe ni..."

Mdomo wake mrefu ukainama.

"Jibu sina. Swali hili nimeliuliza kila nchi niliyotua. Nimeliuliza leo kwa sababu nami nataka kujua."

"Jibu nimekupa mimi!" Nyani akafoka. "Babu yangu alikuwa akisimulia kila jioni, vile vile alivyosimuliwa na mama yake!"

"Alivyosimuliwa na nani?" akauliza Ngiri, mama mwenye pembe za mdomoni zilizopinda.

"Na mama..." Nyani akajiziba mdomo. Safari hii aliyechekwa ni yeye.

Ngiri akamgeukia Korongo. "Na wewe, mwamuzi, umekula mji wa mtu bila kutoa jibu. Desturi ni desturi. Mlipe mji!"

"Mlipe! Mlipe!" wanyama wakaitikia.

Korongo akacheka. "Mimi mpita njia, nina mji gani? Mkononi mwangu mna pango tu. Bi Pimbi, chukua."

Pimbi akaingiza wanawe pangoni, mmoja mmoja. Chui alipokuja, alikwaruza jiwe mpaka akachoka, akaenda zake. Na Pimbi akalala, akalala, mpaka jua likampata ndani.

Wanangu, kutojua si aibu. Aibu ni kuufunika ujinga kwa uongo, maana anayesema "sijui" amefungua mlango, na anayebahatisha ameufunga.

Hadithi yangu imefika kizingitini. Aliyeipenda aende nayo kwao, aliyeichoka aniachie hapa hapa.